Semeni Tena Kwamba Hasikii

"Hasikii," alisema Daktari Zuber, tena kwa upole, maana alikuwa kijana mwenye adabu zake. "Moyo unapiga, pumzi anavuta mwenyewe, lakini kichwani kumezimika. Mumwite, mumfinye, mumwimbie, hasikii. Samahani mama, aliyelala pale ndani ni mwili tu."

Aliyasema hayo barazani, nje ya wodi ya wanaume, hospitalini Tukuyu, mwaka ule wa Operesheni Vijiji. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi cha kumlazimisha kupaza sauti. Waliokuwa mbele yake walikuwa wawili: Veronika, mke wa mgonjwa, na Ambindwile, mwana wao mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule kule kwao Masukulu. Lakini kwa kuwa alipaza sauti, alisikika pia na mtu wa tatu ambaye hakumwona. Huyo alikuwa mwanamke aliyechutama kwenye kona ya ukuta, chini ya dirisha la wodi, khanga imeshuka hadi kwenye paji la uso, sufuria ya uji mapajani.

Jina lake Tupokigwe, mkamwana wa mgonjwa. Wiki ya tatu sasa alikuwa akipika uji kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa na kuupitisha dirishani, na nesi Mwantum anaupokea na kuushusha polepole kwenye mpira ulioingia puani mwa mzee. Ndani ya wodi hakuwa ametia mguu hata mara moja. Uso wa mgonjwa hakuwa ameuona, si hapo hospitalini tu, bali tangu aolewe.

Na asidhani mtu kwamba walikuwa na ugomvi. Kwa Wanyakyusa wa siku zile mkamwana na baba mkwe hawaonani, basi. Hawakai nyumba moja, hawapishani njiani, hawasemeshani, na jina la baba mkwe mkamwana halitamki hata usingizini. Akimsikia anakohoa kwa mbali, anaingia migombani na kumpa mgongo. Mzee naye, kama ni mzee anayejiheshimu, akimwona mkamwana anageuza uso upesi, kwa sababu heshima hiyo ni ya pande mbili. Wamisionari walihubiri dhidi ya mila hiyo mpaka wakachoka, chama kikaja na undugu wake nacho kikaiacha ilivyo. Kwa hiyo jina la mzee huyu litasubiri. Hadithi hii iko upande wa Tupokigwe, na asilolitamka yeye halina ruhusa ya kutajwa hapa.

Hata hivyo, watu wakiishi uwanja mmoja miaka kumi na zaidi watatafuta njia. Mzee alikuwa na mbwa aitwaye Disii, wa tatu kuitwa hivyo, kwa sababu mzee alikuwa na kisa chake na mkuu mmoja wa wilaya, D.C. wa kabla ya Uhuru, na hakutaka kisa hicho kisahaulike. Akiwa na neno la kumfikia mkamwana, alimwambia mbwa. "Disii," angesema kwa sauti ya kufika jikoni, "nasikia mtoto anakohoa. Nimeacha asali pale kizingitini kwa mama yake. Ole wako uilambe." Na Tupokigwe, huko ndani ya moshi, angeujibu mwiko: "Wewe mwiko, ndaga fijo, asante sana, mtoto atainywa." Wapita njia walicheka. Wao wenyewe hawakuona la kuchekesha.

Kisha Lusungu, mume wa Tupokigwe, akafa kwa homa. Matanga yalipokwisha, ndugu wakakaa kugawana vyake, na mjane akatajwa humo humo, baada ya baiskeli na kabla ya koti. Arithiwe na nani? Macho yakamwelekea Ambindwile. Mzee alinyamaza mpaka kila mtu akamaliza busara yake, kisha akamgeukia mbwa. "Disii, sikiliza. Yule mama kule jikoni atakaa kwenye migomba ya mume wake na mtoto wake. Atakayemfuata kabla yeye mwenyewe hajasema nataka, mng'ate. Hata akiwa mwanangu wa kumzaa." Kikao kikaishia hapo.

Tupokigwe aliyasikia yote. Alitamani kusema asante, na safari hiyo mwiko haukutosha. Yapo maneno ambayo ukiyapitisha kwenye mwiko ni kama hujayasema. Akayaweka moyoni, akisubiri sijui nini, mpaka siku mzee alipopanda kwenye paa la shule mpya kuwaonyesha vijana namna ya kupigilia bati lisivuje. Akateleza, akaanguka, na kichwa kikafikia kwenye mawe ya msingi.

"Basi Jumamosi tunamchukua," Ambindwile alimwambia daktari pale barazani. "Afie kwake."

"Na mpira?" aliuliza Veronika.

"Nyumbani hakuna wa kuuangalia, mama. Utatolewa." Daktari Zuber alifikicha macho. "Mimi siwafukuzi. Akibaki tutaendelea kumlisha. Ila siwezi kuwadanganya kwamba kuna kitu nakisubiri."

Alipokwenda zake, Tupokigwe aliinuka na sufuria yake, akamkuta Ambindwile kwenye kona.

"Shemeji, mpira ukitolewa atakula nini?"

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Nimekuuliza atakula nini."

"Aliyekufa hali, shemeji."

"Maiti gani hiyo inayokojoa kila siku? Muulize Mwantum anayebadilisha mashuka."

Macho ya Ambindwile yalikuwa mekundu, na tusiwe wepesi wa kumchukia. Paa lile lilikuwa lake. Mkuu wa wilaya alitarajiwa kuja kulifungua, naye alikuwa akikimbizana na siku. Asubuhi ile ya ajali alimpigia baba yake kelele mbele ya vijana wote: "Mzee, shuka! Utatutia aibu. Wewe sasa ni wa kukaa jikoni na wanawake!" Baba yake alimtazama, akachukua nyundo, akapanda ngazi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa mwanawe. Mtu mwenye maneno ya mwisho ya namna hiyo huomba usiku na mchana kwamba masikio yale yawe yamefungwa kweli. Tupokigwe aliyajua, kijiji kizima kiliyajua, lakini hakuyatumia. Aliona kumchapa mtu kwa fimbo ile ni uonevu.

Jioni hiyo akajaribu njia yao ya zamani. Alisimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, akainua sufuria. "Wewe sufuria," alisema kwa sauti, "mbona tumeachwa bila maagizo? Disii amekonda. Amekataa chakula, analala njia panda. Mtoto ameuliza nani atamwonyesha kupogoa chai. Tumwambieje?" Akatega sikio. Mvua ilikuwa imekata, na alisikia chuma cha kitanda cha mtu mwingine kikilia, na nesi akiburuta kandambili. Akarudia, safari hii akiuambia mwiko. Mgonjwa mmoja akauliza kama yule mama wa nje yuko sawasawa.

Veronika akatoka, akaketi kando yake kwenye ukingo wa mfereji. Alikuwa amezeeka vibaya katika wiki hizo.

"Hata ukope haukutikisika, mwanangu. Nimemtazama muda wote unaongea. Hata ukope."

"Labda hajajua kama ni yeye anayeambiwa."

"Mimi nimemwita kwa majina yake yote, hata lile la ujana wetu nisiloweza kulisema mbele yako. Mimi mke wake hanisikii. Atakusikia wewe, ambaye hujawahi kumsemesha?"

Tupokigwe alikwangua uji uliogandia kwenye mwiko. "Sauti yako ameizoea, mama. Unamwita, anajua ni wewe, anaendelea kulala. Ya kwangu haijawahi kuelekezwa kwake." Alisema bila kujua anakofika. Veronika akaegemeza kichwa ukutani akafumba macho.

Jumamosi wakaja. Lori la ushirika lilisimama getini, injini ikiunguruma, na machela ya mianzi ikapitishwa wodini na wanaume wanne. Wawili walikuwa vijana wa ukoo na wawili wadogo zake mgonjwa, wazee wenye makoti mazito yanayonuka moshi. Daktari Zuber alikuja na karatasi yake ya kutia sahihi. Mwantum alinawa mikono, akakaa kitandani, akashika mpira. Ambindwile alisimama miguuni pa baba yake, akitazama shuka, na Veronika upande wa kichwani.

Hapo Tupokigwe alitua sufuria chini. Akavua khanga kichwani, akajifunga kiunoni kwa fundo la mtu anayekwenda kupigana, akapita mlangoni.

Kulitokea kishindo. Wale wazee wawili, ambao kwake walikuwa baba wakwe vilevile, waligeuka papo hapo wakabandika nyuso ukutani, mmoja akigonga paji la uso kwenye ndoano ya kutundikia koti. Vijana waliachia machela. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mnyakyusa naye, alijifunika blanketi gubigubi.

"Toka!" Ambindwile alinguruma. "Una wazimu? Humu ndani yumo baba!"

"Yumo?" Tupokigwe alisimama katikati ya wodi. "Nyie si mmesema hayumo? Si mmesema huu ni mwili tu?"

"Unamvunjia heshima mbele za watu!"

"Ninamvunjia nani? Mwili hauna mkamwana. Chagua moja, shemeji, na uchague sasa hivi lori likiwa linaunguruma. Kama hasikii, sijamkosea mtu, niacheni niongee na kitanda. Kama nimemkosea, basi anasikia, na machela hiyo irudi ilikotoka. Huwezi kunifukuza kwa heshima ya mtu unayekwenda kumnyima uji."

Daktari Zuber, mtu wa Pangani, hakuelewa kwa nini wazee wale wanatazama ukuta, lakini hoja aliielewa. Alimwashiria Mwantum auache mpira kwanza.

Tupokigwe akasogea kitandani, na kwa mara ya kwanza akamwona baba mkwe wake. Alikuwa mdogo kuliko kikohozi chake. Miaka yote ile alikuwa akilikimbia jitu kubwa, kumbe ni mzee mwembamba mwenye kovu kidevuni, na masikio yamechomoza vilevile kama ya mjukuu wake. Lakini woga wa miaka kumi hauondoki kwa kufunga khanga. Akapiga magoti asije akaanguka.

"Mugonile, tata," alimsalimu, kama mtoto anavyomsalimu baba. Hakumwambia mwiko wala sufuria. "Ni mimi mama wa jikoni. Nisamehe nimekuja na uso wangu. Tata, siku ile ya kikao, ulipomwambia Disii, nilisikia. Kila neno nilisikia. Wenzangu waligawanywa kama sahani, mimi nikalala kwenye nyumba yangu na mtoto wangu, na asubuhi nikaamka hakuna mtu mlangoni. Sijakushukuru. Nilikuwa nasubiri zipatikane adabu za kukushukuru, na hazipo, kwa hiyo nakushukuru bila adabu. Ndaga fijo, tata. Sasa wamekuja kukubeba. Wanasema umekwisha. Mimi nimewaambia mtu aliyejua kusema na mbwa mpaka binadamu akaelewa, huyo hawezi kushindwa kusikia. Usiniaibishe."

Akangoja. Uso wa mzee ulikuwa vilevile, mdomo wazi kidogo, macho yamefumba nusu. Tone la uji lilikuwa limekauka shavuni.

"Umemaliza?" Ambindwile alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena. "Umeona? Hayupo, shemeji. Hata mimi nimeongea naye. Tuache tumzike vizuri."

"Sijamaliza."

Alisimama. Lililokuwa limebaki lilikuwa moja tu, na kila Mnyakyusa mle ndani alilijua kabla halijatoka, kwa sababu mmoja wa wale wazee alisema kwa kusihi, huku bado ametazama ukuta, "Mma, mwanangu, hapana, hilo usilifanye." Lilikuwa neno ambalo alikuwa amelizunguka tangu usichana, akikwepa hata maneno mengine yaliyofanana nalo. Hasira ndiyo iliyolisukuma. Hasira ya machela, ya lori, ya watu wanaofukia kabla ya kuuliza mara mbili.

"Ambilikile!" aliita, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Gwe Ambilikile!"

Na pale kwenye mto, polepole, mpira ukivutika puani, kichwa cha mzee kikaanza kwenda. Hakikumgeukia. Kilimkwepa. Kidevu chenye kovu kikapita juu ya bega, mishipa ya shingo ikasimama, na uso ukageuka mpaka ukaishia ukutani, ukampa Tupokigwe kisogo.

Daktari Zuber alifika kwa hatua mbili. Alimulika macho ya mgonjwa kwa kurunzi, akamwita sikioni, akamfinya kidole. Hakupata kitu. Akanyooka. "Sitaki kuwapa matumaini ya bure," alisema. "Misuli hufanya hivyo. Mtu anayesikia hugeukia anakoitwa. Huyu amegeuka upande mwingine kabisa."

Veronika alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, na kilichokuwa kikitoka humo kilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja. "Daktari, baba, wewe umesoma, na mimi sikubishii misuli. Lakini miaka arobaini nimeishi na huyu bwana. Mimi nikimwita ananigeukia, au hasumbuki. Mtu mmoja tu duniani ndiye anayemfanya ageuze uso namna hiyo. Anamkimbia mkamwana wake!"

"Amegeuka?" aliuliza yule mzee wa ndoano ya koti, akiwa bado na paji la uso ukutani.

"Amegeuka," wakajibu vijana.

"Kaangalia wapi?"

"Ukutani. Kama nyie."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi mimi simbebi. Mtu mwenye haya zake hapandishwi kwenye machela." Akaanza kutembea kwenda mlangoni ubavu ubavu, uso ukutani, akipapasa vitanda, na mwenzake akamfuata. Kisha akakumbuka jambo, akasema bila kugeuka, "Na huyo mama kwao watatoa ng'ombe wa faini. Amelitaja jina."

"Watatoa!" Tupokigwe alipaza sauti, machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Nitamleta mwenyewe, mnene! Ng'ombe wa namna hiyo hatolewi kwa maiti. Mmenitoza wenyewe, na watu wamesikia!"

Daktari alitazama karatasi yake, akaikunja. Hakusema kwamba amekosea, na pengine hakuwa amekosea. Hilo Mungu ndiye anayelijua. Alisema tu kwamba sahihi inaweza kusubiri.

Ambindwile alikuwa hajaondoka miguuni pa kitanda. Alizunguka hadi upande wa ukuta, kwenye nafasi finyu ambayo mtu mzima hapiti bila kujibana, akainama mpaka uso wake ukakutana na ule uliogeuzwa. Aliyomwambia baba yake pale hayakusikika, yalikuwa mafupi, na alipoinuka shati lake lilikuwa limeloa kifuani. "Mpira ubaki," alimwambia Mwantum. Kisha akatoka kwenda kuwaambia wa lori wazime injini.

Aliporudi alimkuta Tupokigwe mlangoni. Alikuwa ameifungua khanga kiunoni na kuirudisha kichwani, ameivuta hadi kwenye nyusi, na anatoka kinyumenyume, macho chini.

"Shemeji, unakwenda wapi? Kaa naye. Umeona mwenyewe, sauti yako ndiyo inayofika. Ukiongea naye kila siku, labda..."

"Anasikia, shemeji," alisema Tupokigwe. "Nitaingiaje?"

Alikuwa ameshinda, mama huyu, na ushindi wake ulikuwa umemfungia mlango. Tupokigwe aliyaona hayo mwenyewe pale pale, na yakamuuma. Uso ule wenye kovu alikuwa ameshauona mara moja, na kwa heshima ya mwenye uso, haikufaa auone tena.

Alirudi chini ya dirisha lake, kwenye ukingo wa mfereji uliolowa. Uji ulikuwa umepoa, ikabidi aupashe. Mwantum alinyoosha mikono dirishani akaupokea. Tupokigwe akaegemeza mgongo ukutani, akashika mwiko.

"Wewe mwiko," alisema kwa sauti ya kufika ndani, "kesho tutaweka maziwa zaidi, maana leo kuna mtu kafanya kazi kubwa."

Ambindwile alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, hajui aende wapi. Alimtazama mkamwana wa baba yake, akatazama dirisha. "Na akinyamaza tena?" aliuliza taratibu. "Akinyamaza wiki nyingine, mwezi mwingine, na watu waanze tena maneno yao?"

Tupokigwe hakuinua khanga usoni.

"Semeni tena kwamba hasikii," alisema. "Semeni, mniite. Nitaingia."